UZI: Kupima metali nzito kwa bata pori: damu, kinyesi au manyoya?

#1 Kijito

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya wanaoijua kazi hii.

Lengo ni kujua kama bata pori wanaokula kwenye ardhioevu iliyo chini ya eneo la karasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) na marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu), ukanda wa dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria, wanaingiwa na risasi, zebaki, arseniki na kadimi. Rasimu iliyopo: mashapo pointi 20, maji pointi 20, manyoya ya bata 30, vyote viende kwenye ICP-MS (mashine ya maabara inayopima metali hata zikiwa kidogo sana). Bajeti ya maabara haizidi sampuli 150.

Ndege waliopo mwaka mzima ni bata wapiga mluzi wenye uso mweupe (Dendrocygna viduata), bata wa mdomo wa njano (Anas undulata) na bata bukini wa Misri (Alopochen aegyptiaca). Kuanzia Novemba wanaingia wahamiaji, hasa Spatula querquedula.

Je, rasimu hii inajibu swali? Na manyoya yanatosha, maana ndiyo rahisi kukusanya?

#2 Firigisi

Mkuu Kijito, rasimu hiyo itakuonyesha mahali palipochafuka. Kilichoingia mwilini mwa ndege haitakuonyesha. Mashapo yanaweza kuwa na risasi 3,000 mg/kg na bata wasidhurike kwa sababu maji pale ni ya kina na shingo zao hazifiki chini. Yanaweza pia kuwa na 700 mg/kg na bata wakaumia, kwa kuwa kila asubuhi wanachimbua vizizi kwenye tope hilohilo.

Maji yapunguze sana. Kwenye maji ya pH 7 hadi 8 sehemu kubwa ya risasi hujishika kwenye chembe za udongo na kutuama. Bata huila risasi pamoja na tope, kuinywa ni kidogo mno. Pointi nne za maji zitatosha kueleza mazingira.

Manyoya kwa ajili ya risasi yaache kabisa. Unyoya ukishakomaa damu haifiki tena ndani yake, kwa hiyo kinachobaki ndani ni habari ya wiki chache ulipokuwa ukiota. Baada ya hapo risasi ya vumbi na tope hujipaka kwa nje, na kuosha kwa asetoni na maji safi hakuitoi yote. Mwisho wa siku utakuwa umepima tope kwa kutumia unyoya.

Tatizo la pili ni wahamiaji. Bata wengi huangusha manyoya yote ya kurukia kwa mkupuo mmoja baada ya kuzaliana, wakakaa wiki tatu au nne bila kuruka. Querquedula hufanya hivyo huko Ulaya na Asia. Ukimng'oa unyoya wa bawa Januari, unasoma kinamasi cha huko alikoutolea.

Pima damu. Risasi kwenye damu inaeleza wiki chache zilizopita, yaani mahali bata alipo sasa au alipotoka karibuni. Ini linaeleza kipindi kinachokaribiana na hicho au kirefu kidogo, mfupa unabeba jumla ya maisha yote, na figo ndiyo ya kuangalia kadimi, ambayo huongezeka kadiri ndege anavyozeeka. Kwa ndege hai, damu inatosha.

Ukipata vifaranga wakubwa ambao bado hawajaruka, hao ndio dhahabu yenyewe. Wamekula kwenye ardhioevu hiyo tu, na hakuna atakayekuuliza walipitia wapi.

Jambo moja la lugha, lakini lina uzito. Kwa Kiswahili risasi ni metali, na risasi ni ya bunduki. Kwenye fomu za uwandani andikeni "Pb" kwa metali na "marisaa" kwa chembe za bunduki ya ndege. Fomu ikisema "risasi kwenye firigisi: ipo", atakayeifungua baada ya miaka miwili hatajua kilichoonekana ni nini.

#3 Mama Maabara

Naongezea kuhusu damu, maana sampuli nyingi huharibikia kando ya ziwa kabla hazijafika kwetu.

Kiasi: usizidishe 1% ya uzito wa ndege. Bata wa gramu 700 ana ruhusa ya mililita 7, lakini mililita 1.5 hadi 2 zinatosha kila kitu. Mshipa wa mguuni upande wa ndani au wa chini ya bawa, sindano ya geji 23 hadi 25.

Ngozi: mguu wa bata una tope, na tope hilo linaweza kuwa na risasi mara maelfu kuliko damu yake. Osha kwa maji yaliyosafishwa, pangusa kwa alkoholi mara mbili kwa pamba mpya kila mara, acha pakauke, ndipo uchome. Usikinge damu inayotiririka juu ya ngozi. Glavu ziwe zisizo na poda.

Mirija: tumia ya kupimia metali zilizo kwa kiasi kidogo mno, ile yenye kifuniko cha bluu iliyokolea. Vizibo vya mpira vya mirija ya kawaida hutoa zinki. Na kila toleo la mirija unalonunua, chukua mitatu, tia maji safi ya maabara, igeuzegeuze, ipeleke ikapimwe kama sampuli tupu.

Kama mtapima pia kimeng'enya cha ALAD (husaidia mwili kutengeneza damu), tumieni heparini, msitumie EDTA. ALAD inafanya kazi ikiwa na zinki ndani yake, na EDTA huinyang'anya zinki hiyo. Mtaona kimeng'enya kimelala mkadhani ni risasi, kumbe ni mrija. Damu ya ALAD igandishwe papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika na itunzwe nyuzi 80 chini ya sifuri. Friji ya kawaida haifai.

Kwa nini ALAD? Kwa sababu huanza kushuka kwa risasi ndogo sana, kabla ndege hajaonyesha dalili yoyote. Kanuni za Marekani za kutathmini madhara ya maliasili huhesabu kushuka chini ya 50% ya kundi la kulinganishia kuwa madhara tayari. Protopofirini (malighafi ya kutengenezea rangi ya damu) nayo hupanda, ila inachelewa siku kadhaa, na ndiyo maana vipimo hivi viwili vikisomwa pamoja vinasaidia kukisia sumu iliingia lini.

#4 Kijito

Asanteni sana. Mama, kile kifaa cha mkononi cha kupima risasi kwenye damu, LeadCare II, kinafaa kutumika uwandani?

Na Firigisi, umesema bata huila risasi pamoja na tope. Tope hilo linapimwaje?

#5 Mama Maabara

Kinafaa kwa kuchuja. Kinatumia mikrolita 50 za damu, jibu linatoka kwa dakika 3, kinasoma kuanzia 3.3 hadi 65 µg/dL. Ukivuka hapo kinakuandikia tu kwamba ni juu. Kimetengenezwa kwa damu ya binadamu, na kwa ndege husoma chini ya kiwango halisi ukilinganisha na ICP-MS au tanuri la grafiti (mashine nyingine ya maabara ya kupima metali). Kwa hiyo chukua sampuli zisizopungua 20 za ndege walewale zipimwe kwa njia zote mbili, upate mlinganyo wako wa spishi yako. Usichanganye tarakimu za kifaa na za maabara kwenye jedwali moja bila kusahihisha.

Halijoto ya kukitumia ni nyuzi 12 hadi 36. Mchana wa Kanda ya Ziwa ndani ya gari hupita hapo kirahisi. Kipimie kivulini.

#6 Firigisi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kidogo, Kijito.

Mfano unaoeleza vizuri ni bonde la mto Coeur d'Alene, jimbo la Idaho, Marekani. Migodi ya fedha, risasi na zinki ilianza huko miaka ya 1880, na kwa miongo mingi mabaki yalimwagwa mtoni hadi 1968. Mto ukayabeba na kuyalaza kwenye vinamasi na maziwa madogo ya bonde la chini. Batamaji wa tundra (ndege wakubwa weupe wa jamii ya bata) wanaopita hapo wakati wa uhamiaji walikuwa wakifa kila mwaka. Dhana ya kwanza ya mtu yeyote ni marisaa, kwa kuwa marisaa yamewaua ndege wengi wa majini Marekani hadi yakapigwa marufuku nchi nzima kwa uwindaji wao mwaka 1991. Lakini firigisi zikifunguliwa, wengi hawakuwa na marisaa. Walikuwa na tope.

Kilichofunga hoja ni kupima tope hilo kwenye kinyesi. Kwa wastani, kama 9% ya mlo wa batamaji hao ilikuwa mashapo, na kwa wale wanaokula zaidi ilifika 22%. Kwa kuunganisha hesabu hiyo na risasi ya damu na ya ini, kikapatikana kiwango cha mashapo: 530 mg/kg ndipo madhara yanapoanza, na 1,800 mg/kg ndipo vifo. Ile 530 ikaingia kwenye uamuzi wa usafishaji wa mamlaka ya mazingira ya Marekani wa 2002.

Kipimo chenyewe kinaitwa majivu yasiyoyeyuka kwenye asidi. Wazo ni kwamba chakula cha mimea kina silika kidogo, udongo una silika nyingi, na silika haimeng'enywi tumboni.

Kinyesi kikusanywe kibichi, mara kundi linapoondoka mahali pa kupumzikia. Chukua sehemu ya juu tu. Iliyogusa ardhi iache, vinginevyo unapima udongo wa ufukweni. Kausha nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike. Pima gramu 1 hadi 2 kwenye kibia cha kauri kilichokwisha kupimwa, choma kwenye tanuri nyuzi 500 usiku kucha. Majivu yachemshe kwenye asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, 2 N, chuja kwa karatasi isiyo na majivu, suuza kwa maji moto, choma tena karatasi na kilichomo, pima. Hiyo ndiyo y, kama sehemu ya uzito mkavu wa kinyesi.

Fanya vivyo hivyo kwa mimea wanayokula (b) na kwa mashapo (c). Kisha utafute x, yaani sehemu ya mlo ambayo ni tope:

x = (b − y + ay) / (ay − c + b)

a ni sehemu ya chakula inayomeng'enywa. Tuseme a = 0.5, b = 0.02, c = 0.80, y = 0.15. Juu unapata −0.055, chini −0.705, kwa hiyo x = 0.078. Karibu 8% ya mlo ni tope. Kama tope hilo lina risasi 2,000 mg/kg, mlo mzima unabeba kama 156 mg/kg hata kama mimea yenyewe ni safi kabisa.

Panapokosewa: a. Bata anayekula mbegu humeng'enya zaidi kuliko anayekula majani. Weka a ya chini na ya juu, toa matokeo kama masafa. Na c ipimwe kwenye mashapo ya mahali wanapokula. Tope lenye mboji nyingi lina c ndogo, na ukiweka 0.9 ya kukisia utapunguza x bila kujua.

Kwenye kinyesi hichohicho pima pia alumini. Pb na Al zikipanda pamoja, chanzo ni udongo. Kinyesi chenye Pb ya juu na Al ya chini kinakuambia utafute marisaa.

#7 Mto_Mtulivu

Nimekubaliana na mengi, ila kuhusu manyoya Firigisi amefunga mlango mapema. Kwa zebaki manyoya yana thamani. Zebaki ya methili (aina ya zebaki inayoingia mwilini kwa chakula) hushikana kwa nguvu na salfa ya keratini inayounda unyoya, sehemu kubwa ya zebaki iliyo kwenye unyoya ni hiyo, na kuosha hakuitoi. Ndege hutoa zebaki ya mwilini kwa njia hiyo.

Na kwenye eneo la karasha zebaki ndiyo kilio cha kwanza, kwa kuwa wachimbaji hukamatia dhahabu kwa zebaki na kuichoma.

#8 Firigisi

Ni kweli ndugu yangu, kwa zebaki nakubali, kwa masharti mawili: iwe spishi mkazi, na yawe manyoya ya mwilini kutoka sehemu ileile kwa kila ndege, kwa mfano kifuani, matano hadi kumi.

Lakini tuangalie mlo. Zebaki ya methili hupanda kwa ngazi za ulaji: mdudu, samaki mdogo, samaki mkubwa. Bata mpiga mluzi anakula mbegu na vizizi, yuko ngazi ya chini. Ukimpima na kukuta zebaki ndogo, usiandike kwamba ardhioevu ni salama. Kwa zebaki chukua mnandi au mdiria wanaokula samaki, na bata waachie risasi na arseniki.

Watu pia hudhani eneo la dhahabu ni zebaki tu. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyokuwa ndani ya miamba ya dhahabu iliyosagwa vijijini. Si kila mwamba wa dhahabu una risasi, ndiyo maana marudio yapimwe kwanza kabla ya kushika ndege hata mmoja.

#9 Nyavu_za_Alfajiri

Upande wa kushika ndege.

Vibali vianze miezi mingi kabla. Tanzania ni TAWIRI na COSTECH, Kenya NACOSTI na WRTI, Uganda UWA na UNCST. Sampuli zikitoka nje ya nchi kuna kibali cha usafirishaji na cha mifugo pia, na nchi inayopokea ina masharti yake. Kama maabara ya ndani ina ICP-MS yenye rekodi nzuri, bakini nyumbani.

Mtego wa kuingia kwa kufuata mahindi ndiyo rahisi kuliko yote, lakini unaharibu kipimo cha kinyesi. Bata akila mahindi yenu siku mbili, tope kwenye kinyesi linapungua na x inashuka. Kinyesi kikusanywe kabla ya kumwaga chambo, au kutoka kundi lisilokula chambo. Kwa damu, athari ni ndogo kama chambo hakikuzidi siku chache. Nyavu za ukungu (nyembamba sana, ndege hazioni) alfajiri na jioni hazina tatizo hili, ila zikaguliwe mfululizo, kwa sababu ndege aliyenaswa juu ya maji huzama.

Mafua ya ndege yasisahaulike. Januari 2017 virusi vya H5N8 vilithibitishwa Uganda kwa ndege wa mwituni kwenye ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria. Barakoa, miwani, glavu, buti za kuoshwa kwa dawa. Mkikuta mizoga mingi kwa pamoja, waiteni watu wa mifugo kwanza. Kupima metali kutafuata baadaye.

Mzoga mmoja mmoja una faida, lakini hauwakilishi kundi. Anayeokotwa ni yule aliyekufa, na tai hawakumwahi. Ini la mzoga uliokauka jua hupoteza maji na tarakimu za uzito mbichi zinapaa, kwa hiyo toeni matokeo kwa uzito mkavu pamoja na asilimia ya maji. Firigisi ifunguliwe, ioshwe kwenye chujio, na ipigwe eksirei kama inawezekana. Marisaa yaliyomezwa huwa yamesagika na kuwa kama vidonge bapa. Yaliyoingia kwa kupigwa huwa na njia ya jeraha.

#10 Kijito

Kuna mashine ya XRF ya mkononi (hupima metali kwa miale ya eksirei) ya kuazima. Inaweza kuokoa bajeti ya mashapo?

#11 Mama Maabara

Itaokoa, lakini kuna mtego unaohusu eneo lako hasa. Mstari mkuu wa miale ya arseniki uko 10.54 keV (kipimo cha nishati ya miale) na wa risasi 10.55 keV. Mashine haivitenganishi hapo. Hutumia mstari mwingine wa risasi, 12.6 keV, kukisia risasi, kisha hutoa sehemu hiyo ili kupata arseniki. Risasi ikiwa nyingi, arseniki ndogo inapotea ndani ya kosa la hesabu. Miamba ya dhahabu mara nyingi ina arseniki, kwa hiyo usiiamini XRF kwa arseniki peke yake.

Tope likaushwe, lisagwe, lichujwe. Tope bichi husoma chini kwa sababu maji hunyonya miale. Chukua sentimita 5 za juu, hapo ndipo mdomo wa bata unapofika, na sema wazi kama umetumia chujio la milimita 2 au mikroni 63, maana chembe laini hubeba metali nyingi zaidi. Pima pointi zote kwa XRF, kisha peleka moja kati ya kila nne ICP-MS kwa kulinganisha.

Umeng'enyaji wa tishu: gramu 0.3 hadi 0.5 kavu, mililita 5 za asidi ya nitriki safi ya kiwango cha metali chache, mililita 1 au 2 za peroksaidi ya hidrojeni 30%, maikrowevu hadi nyuzi 180 au 200 kwa dakika 15 hadi 20, kisha punguza kwa maji hadi mililita 25 au 50. Vyombo vilowe kwenye asidi ya nitriki 10% saa 24. Kwa zebaki usikaushe kwa joto, inaruka. Tumia kikaushio cha kugandisha au pima mbichi, na ongeza asidi ya hidrokloriki au dhahabu kidogo kwenye myeyusho, maana zebaki hujishika kwenye plastiki na pia huvuja hadi sampuli inayofuata kwenye mashine.

Kila mkupuo uwe na sampuli tupu 3, rudufu 1 kwa kila 10, na sampuli rejea (ambayo kiwango chake cha metali kinajulikana) inayofanana na unachopima: damu kwa damu, ini kwa ini. Kupata 98% kwenye unga wa majani hakuniambii chochote kuhusu damu ya bata. Rejea ikitoka nje ya 80 hadi 120%, mkupuo mzima urudiwe.

Na tafadhali, thamani zilizo chini ya kikomo cha mashine msiandike sifuri. Andikeni kikomo chenyewe na alama ya "chini ya". Kwenye takwimu tumieni njia ya Kaplan-Meier (hukubali thamani zisizojulikana kamili) au ya mpangilio wa nafasi. Kugawa kikomo kwa mbili kunapotosha zikiwa nyingi.

#12 Kijito

Nimeelewa. La mwisho: tarakimu za damu zikija, zisomwe dhidi ya nini? Na 150 zigawanywe vipi?

#13 Firigisi

Kwa risasi kwenye damu ya jamii ya bata: chini ya 20 µg/dL ni kawaida, 20 hadi 50 kuna athari zisizoonekana kwa macho, 50 hadi 100 ugonjwa, zaidi ya 100 ugonjwa mkali. Kwenye ini, uzito mbichi: chini ya 2 mg/kg kawaida, 2 hadi 6 athari zisizoonekana, 6 hadi 10 ugonjwa, juu ya 10 mkali. Angalia vipimo vya maabara: 0.2 µg/ml na 20 µg/dL ni kitu kimoja, na kosa la mara mia limeshaingia kwenye ripoti za watu makini.

Zebaki kwenye damu, uzito mbichi, huanza kutia wasiwasi wa kati kuanzia 1 mg/kg, na mkubwa kuanzia 3.

Mgawanyo ningeuweka hivi: damu 60, yaani 35 za eneo la marudio na 25 za ardhioevu ya kulinganishia yenye ndege walewale na mlo uleule. Kinyesi 30 kwa Pb na Al, lakini majivu fanya kwa kinyesi 80, kwa kuwa tanuri haligusi bajeti ya ICP. Mashapo 24, mimea na mbegu 12, na 24 zilizobaki ni za tupu, rudufu na rejea. Ukibanwa, punguza mashapo. Zile 24 za ubora usiziguse.

Matokeo ya damu hayatakaa kwa usawa. Wengi watakuwa chini na wachache juu sana. Toa wastani wa kijiometri na pia asilimia ya ndege waliovuka 20 na 50, maana hao wachache ndio wanaokufa.

#14 Mama Maabara

Kwenye zile 25 za kulinganishia: zichukuliwe wiki zilezile na zile 35, na zipangwe kwenye mashine kwa kuchanganywa, zisipimwe zote siku moja na nyingine siku nyingine. Mashine ikiteleza kidogo kati ya siku hizo mbili, tofauti utakayoiona itakuwa yake.